Korido Isiyo na Minong'ono: Mama Paza Anapumzika

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya afya ya akili anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Kwenye faili lake ana jina refu lenye vyeo viwili mbele. Sisi na wagonjwa tunamwita Mama Paza, na hata mkurugenzi wa hospitali, siku alipokuja kukagua paa linalovuja, alijikuta naye anamwita hivyo hivyo.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu, na kusema kweli ningefurahi kama ingempa mtu mwingine. Mimi ndiye nitakayekaa kwenye kiti chake akishaondoka, na jambo hilo linanitia hofu. Wanaonifahamu wanajua kwamba wasiwasi ndiyo hali yangu ya kawaida. Mama Paza mwenyewe alinibatiza Bwana Itakuwaje, kwa sababu kila aliponipa kazi swali langu la kwanza lilikuwa hilo. Basi msomaji akiona mahali sentensi zinatetemeka, anivumilie.

Mama Paza alianzia wodi ya wazazi. Huku kwetu aliletwa "kwa muda", na muda huo ndio unaoisha sasa. Siku ya kwanza alikuja amevaa raba, maana wenzake wa wodini walikuwa wamemtisha kwamba kazi kubwa ya huku ni kukimbia. Na kweli alikimbizwa, ila si na mgonjwa. Alikimbizwa na mpishi, aliyemkuta jikoni anafunua masufuria bila ruhusa akitafuta maji ya moto. Mpishi yule yupo mpaka leo, na anasema kama angemfikia siku ile, kliniki ingekosa muuguzi.

Asiyewahi kufika kwetu ajue kwamba jengo lote ni korido moja ndefu. Unaingia kwa karani wa mapokezi, unapita mabenchi ya wanaosubiri, unapita dirisha la dawa na chumba cha sindano, mwisho kabisa unakuta mlango wa daktari. Wodi ndogo iko upande wa kushoto, jiko upande wa nyuma. Kuta zake zinabeba sauti vizuri mno. Mtu akikohoa mapokezi, daktari anajua.

Zamani korido hiyo ilikuwa na tabia ya hospitali zote, watumishi kusimama wawili wawili, vichwa vimekaribiana, wakiongea chini chini. Wakati huo alikuwa amelazwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mpole sana, ambaye ugonjwa wake ulimwambia kwamba kuna watu wanataka kumwekea sumu. Asubuhi moja aliwaona wauguzi wawili wananong'ona huku wanaangalia bakuli lake. Walikuwa wanabishana kama uji uliobaki utawatosha watu wa upande wa pili, basi, hakuna zaidi. Mwalimu akasukuma bakuli, akatema na vidonge, na kazi ya wiki kadhaa ikarudi nyuma kwa sababu ya uji.

Mama Paza hakugomba. Aliitisha kikao pale pale koridoni, akasema kuanzia siku hiyo hapa hakuna kunong'ona. Lenye kusemwa lisemwe kwa sauti ya kawaida. Siri ya mgonjwa isemwe chumbani, na mgonjwa mwenyewe awepo. Lisilo na uso wa kusemwa mbele ya watu litoke nje ya geti. "Dawa inahangaika kumshawishi mtu kwamba hasemwi," alisema. "Sasa nyie mkisimama hapo mnamsema, dawa ifanye nini?" Tangu hapo akikukuta unanong'ona alikuwa anatamka neno moja tu, "Paza!", na jina lake likatoka huko. Umbea wote wa kliniki ulihamia getini, na askari wetu akawa mtu anayejua mambo ya ndoa za watumishi kuliko watumishi wenyewe.

Watu wengi wanaokuja kwetu wanauliza swali moja, hata kama wanalizungushazungusha. Je, matibabu haya yanafanya kazi? Daktari ana fomu yenye maswali na alama za kupima hilo, na Mama Paza aliiheshimu sana fomu hiyo. Hakukubali mgonjwa aondoke haijajazwa. Lakini pembeni ya fomu alikuwa na kipimo chake, nacho kilikuwa malalamiko. Aliona kwamba mtu aliyeumwa sana halalamikii chumvi. Ama analalamikia dunia nzima kwa mpigo, ama hasemi kabisa. Siku anaponuna kwamba chai imepoa, au kwamba wa kitanda cha pili anakoroma, Mama Paza alikuwa anatoka wodini uso umechangamka utafikiri kaambiwa kapata mjukuu. "Daktari, leo kalalamikia shuka!" Daktari wetu si mtu wa kuchekacheka, lakini miaka ikapita na yeye akaanza kuuliza kwenye mizunguko yake ya asubuhi, akiwa makini kabisa, kama mgonjwa fulani ameshalalamika.

Nakumbuka mama mmoja kijana aliyeletwa na mama mkwe wake, miezi michache baada ya kujifungua. Hakupiga kelele wala hakuvunja kitu. Alikuwa amezimika tu, anaangalia ukuta, mtoto akilia hasikii. Dawa ya kwanza haikufanya lolote. Ya pili ilimkausha mdomo na kumfanya asinzie akiwa amekaa. Mama mkwe akakata tamaa, akasema anamrudisha nyumbani maana huku wanamjaribia vitu. Mama Paza akakaa naye chumbani akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba ndiyo, tunajaribu. Dawa inaweza kumfaa mtu na isimfae ndugu yake wa tumbo moja, hakuna anayejua mpaka ijaribiwe, na ikishaanza inataka wiki kadhaa kabla haijaonyesha uso wake. Akamwomba avumilie dawa moja tu nyingine. Wakati huo huo mgonjwa akaanza kukutana na mshauri kila wiki kwa mazungumzo, na mama mkwe akapewa kazi ya kumbeba mtoto asubuhi ili mama yake alale.

Yule dada akainuka, taratibu, na mpaka leo hatujui kwa hakika kama ni kidonge, ni mazungumzo, au ni usingizi wa asubuhi. Mimi lilinikosesha raha jambo hilo, nikauliza tutaandika nini. Mama Paza akanijibu tuandike vyote vitatu na tusiache hata kimoja. Tulijua amepata nafuu siku aliposema mbele ya kila mtu kwamba mama mkwe anamfunga mtoto nguo utafikiri mzigo wa posta. Mama mkwe alilia kwa furaha, halafu siku ya pili akakasirika.

Nisiposema na upande wa pili, mwenyewe atanipigia simu akiwa kwenye pensheni. Si wote walioinuka. Yupo mzee mmoja, dereva wa malori zamani, ambaye tumembadilishia dawa mara nyingi na nafuu aliyopata ni ndogo, inakuja na kuondoka. Anafika kila wiki, anakaa mwisho wa benchi. Mama Paza hakuwahi kumwambia atapona, na hakuwahi kumpita bila kukaa naye. Aliwahi kuniambia kwamba akisikia mtu anaahidi kumponya kila mgonjwa, anashika pochi yake vizuri. Tumpunguzie mtu mateso kadiri tunavyoweza, alisema, na palipobaki tukae naye.

Sasa nifike kwa Fundi, kwa sababu habari za kuaga kwa Mama Paza haziwezi kuelezwa bila yeye, na kwa sababu tangu wiki tatu zilizopita hakuna aliyekuwa na amani hapa.

Fundi ni mshona nguo. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, unakiona ukikaa mapokezi. Miaka mingi iliyopita dada yake alimleta akiwa amekonda, anaamini kwamba mtaa mzima unamsema na kumpangia mabaya. Alikuwa ameziba madirisha ya chumba chake kwa magazeti na kugongelea mlango misumari kwa ndani. Vidonge alivisahau au alivitupa. Ikaamuliwa awe anachomwa sindano kila mwezi, inayokaa mwilini na kufanya kazi pole pole. Mama Paza ndiye aliyemchoma ya kwanza na ndiye aliyemchoma zote zilizofuata. Mama Paza akiwa likizo, Fundi alisubiri arudi. Sauti zilipungua, kisha zikanyamaza. Akarudi kwenye cherehani. Mapazia yote ya kliniki ni kazi ya mikono yake, na hakuna mtu duniani anayelalamika kuliko yeye. Analalamikia uzi, umeme, vumbi la barabarani, wateja wanaonenepa katikati ya vipimo. Mama Paza alikuwa akimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

Kamati ilipokaa kupanga sherehe, tulikuwa watu wanne, yaani karani wa mapokezi, mfamasia, mpishi na mimi. Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, Mama Paza asijue, tumshtukize. La pili, wagonjwa nao wasijue kwamba anaondoka, wasije wakatetereka. Wataambiwa siku ile ile. Hilo la pili tuliliona la busara kabisa, na mimi niliuliza itakuwaje lakini si kwa nguvu.

Kuficha jambo kwenye korido isiyoruhusu kunong'ona si kazi rahisi. Tukaanza kukutana nyuma ya dirisha la dawa mlango ukiwa umefungwa. Tukaanza kuongea kwa macho. Mgonjwa akipita, tunakaa kimya, halafu mmoja anasema kitu kuhusu mvua. Tuliamua zawadi iwe gauni, na kwa kuwa Fundi angejua ni la nini, tukampa kazi fundi mwingine wa upande wa sokoni. Vipimo vikahitajika. Karani akavuka barabara, akakuta Fundi ameenda kunywa chai, akachukua futi yake ya kupimia, akaja kupima koti la Mama Paza lililotundikwa mlangoni, kisha akairudisha futi ile bila kusema neno. Aliirudisha upande usio wake. Fundi anajua futi yake inalala wapi.

Siku mbili tatu baadaye Fundi alikuja kunyoosha pazia la mapokezi. Alipoingia, sisi wanne tulikuwa tumesimama pamoja. Tukanyamaza wote kwa mpigo. Mpishi akasema kitu kuhusu mvua, na nje jua lilikuwa kali. Fundi akatuangalia mmoja mmoja, akashuka kwenye ngazi, akaondoka na pazia limening'inia upande.

Kesho yake dada yake alikuja mbio mbio, kilemba kimekaa ovyo, macho yamemtoka. Alimwambia Mama Paza kwamba kaka yake amerudi kule kule. Anasema watu wa kliniki wanamsema chini chini, wakimwona wananyamaza, na wamechukua futi yake wakaipeleka wanakojua wao. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka hapo. Nilimwona Mama Paza akishika ukingo wa meza, akakaa, akatafuta miwani yake ambayo alikuwa ameivaa.

Siku hiyo hakula. Mpishi alirudisha sahani yake jikoni kama ilivyokwenda, na hakuna aliyemsikia Mama Paza akisema "Paza!" hata mara moja. Kwangu alisema maneno machache tu, kwamba alidhani anaondoka akiwa amemwacha Fundi mahali salama, na kumbe labda miaka yote hiyo ilikuwa bahati tu, sindano haikuwa na lolote. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Nikauliza tutafanyaje, naye akasema amemwomba daktari tukae kikao kesho asubuhi.

Kikao kilikuwa chumbani kwa daktari. Fundi mwenyewe aliitwa, kwa mujibu wa kanuni ya Mama Paza, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono mapajani, dada yake kando. Akaeleza yale yale bila kupandisha sauti. Wakinong'ona nawaona. Nikiingia wananyamaza. Futi yangu ilisogea. Daktari akasikiliza, akauliza kuhusu usingizi, akauliza kama anasikia sauti akiwa peke yake. Fundi akasema hapana, anasikia cherehani tu. Daktari akashusha pumzi, akasema hata hivyo dalili hizo zinafanana mno na zile za zamani, na kwamba pengine ni vizuri kuongeza dozi na kumlaza siku chache tumwangalie. Dada akaanza kulia. Mfamasia, aliyekuwa mwanakamati mwenzangu, aliangalia viatu vyake. Fundi akamgeukia Mama Paza, si daktari, akamuuliza, "Mama, kwa hiyo naumwa tena?"

Mama Paza akasogeza kiti chake karibu na cha Fundi.

Karani wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni na faili mkononi, amelileta tu, si mjumbe wa kikao. Aliposikia swali lile akapaza sauti ambayo askari getini aliisikia na akaja kuuliza kuna nini. "Futi nilichukua mimi!" akasema. "Na tunanong'ona kweli! Haumwi, tunanong'ona!" Faili likadondoka. Na mimi, kwa mara moja maishani bila kuuliza itakuwaje, nikasimama nikasema ndiyo, ni kweli, sote wanne, tangu tulipoanza kupanga sherehe ya kumuaga Mama.

Tulikuwa tumekaribia kumwongezea mtu dawa kwa sababu ya kusema ukweli. Sisi, wa korido hii, tuliofundishwa na mtu yule aliyekaa pale mbele yetu.

Daktari ndiye aliyesema kwanza. Alivua miwani, akamuuliza Fundi swali ambalo nitalikumbuka mpaka na mimi nistaafu. Alimuuliza kwa nini safari hii hakuziba madirisha. Fundi akafikiri, akasema hakuona haja; alimwambia dada yake, na alipoitwa kikaoni akaona bora aje aulize. Daktari akamwangalia Mama Paza akasema, taratibu, kwamba hicho ndicho alichokuwa anakitafuta. Miaka ile mtu huyu aliona watu wanamsema akajigongelea misumari ndani. Leo ameona watu wananong'ona kweli, akavuka barabara kuja kuuliza. Kama kuna anayetaka kujua kama matibabu yamefanya kazi, amwangalie aliyekaa kwenye kiti kile. Dawa ibaki kama ilivyo, akasema, wala isipunguzwe kwa furaha wala isiongezwe kwa woga.

Mama Paza alifuta macho kwa kiganja. Kisha akatugeukia sisi wanne, na nawaambia ukweli, afadhali angegomba. Alisema kitu kimoja tu. Mtu akisema anasemwa, kabla hujamwandikia dawa, hakikisha kwanza kama hasemwi. Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa na litabandikwa mapokezi, nyuma ya karani.

Ningependa kusema kwamba yaliishia hapo. Fundi alinyanyuka, akafika mlangoni, akageuka. "Kwa hiyo unaondoka," akamwambia Mama Paza. Halikuwa swali. Mama Paza akasema ndiyo, mwisho wa mwezi. Fundi akatikisa kichwa kana kwamba kuna mtu amemtajia bei, akatoka. Siku iliyofuata kibanda kilikuwa kimefungwa. Na iliyofuata.

Sindano yake ilikuwa inakaribia, na safari hii ilikuwa imepangwa nimchome mimi, Mama Paza akiwepo, ili Fundi anizoee. Mama Paza alikwenda kwao mwenyewe mara mbili. Fundi alimpokea vizuri, akamletea kiti, hakumpa jibu. Dada yake akatuambia kwamba anasema hataki mkono mwingine. Tulijua wote maana yake. Sindano moja ikirukwa, miezi michache tu mbele, magazeti yanarudi madirishani. Kazi ya miaka yote hiyo ilikuwa inaning'inia kwenye mkono wangu, na mkono wangu siuamini hata kumimina chai.

Siku ya sindano ilipofika nilikuwa chumbani tangu kliniki inafunguliwa. Nilipanga pamba, nikaipangua, nikaipanga. Mama Paza alivuta kiti akakiweka ukutani, akakaa, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja akaikalia, ili isije ikainuka yenyewe kunisaidia. Mabenchi yalijaa na kupungua. Dereva wetu mzee alifika akakaa mwisho wa benchi. Saa za asubuhi zikaisha. Kila mlango wa mbele ulipolia nilikuwa nanyanyuka, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Miguu ya Mama Paza chini ya kiti ilikuwa inacheza kama ya mtoto anayesubiri matokeo.

Fundi aliingia karibu na muda wa kufunga. Alikuwa amebeba mfuko wa nailoni. Hakusalimia. Alitoa gauni kwenye mfuko, lile la zawadi, ambalo kumbe alisikia habari zake kwa karani, akalifuata mwenyewe kwa yule fundi wa sokoni, akaliinua mbele yetu sote na kuanza. Nani alipima mabega haya? Umempimaje mtu kwa kutumia koti, koti si mtu. Mkono umebana, kwapa limevuta, huyu mama angeinua mkono siku ya sherehe gauni lingepasuka mbele ya wakubwa. Amelifumua lote. Siku zote hizi amekuwa amefunga kibanda, analishona upya nyumbani, na uzi alioukuta kwenye gauni hilo hawezi hata kuuzungumzia.

Kisha akakaa, akafungua shati, akanipa bega.

Nilichoma. Nilisukuma dawa taratibu mpaka ikaisha, nikachomoa, nikabana pamba. Fundi alikunja uso. Akasema mkono wangu ni mzito, si kama wa Mama. Akasema pamba imelowa kupita kiasi. Akasema kiti kile kina msumari unaochoma matako, na kwamba alishasema tangu mwaka jana na hakuna anayesikia, na kwamba mwezi ujao akija aukute umeng'olewa.

Mwezi ujao akija. Nilimwangalia Mama Paza. Alikuwa bado amekalia mikono yake, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, hayafuti, na anacheka. Akapaza sauti korido nzima ikasikia, mpaka kwa daktari: "Huyu yuko sawa!"

Wasifu huu, kwa amri yake, hausomwi kwanza ukumbini. Unasomwa koridoni, kwa sauti, wagonjwa wote wakiwa kwenye mabenchi, ili pasiwe na mtu wa kudhani anafichwa. Fundi aliidhinisha sehemu inayomhusu, baada ya kulalamika kwamba ni ndefu na kwamba bado sijaeleza vizuri habari ya mabega.

Mama Paza, ahsante. Ahsante kwa sindano, kwa saa ulizokaa kwenye benchi, kwa kutukataza kuahidi tusichoweza na kutukataza kukata tamaa. Nina hofu, na sitaificha, maana umetufundisha tusinong'one. Msumari wa kiti nimeung'oa leo asubuhi. Nenda ukapumzike salama, na tunakuombea siku nyingi za chai iliyopoa, majirani wanaokoroma, wajukuu wanaomwaga vitu, mambo madogo madogo ya kulalamikia, na mtu wa kukaa kando yako akusikilize mpaka mwisho.